Je, Wajua? Ogani Ilitoka Uwanjani, Ngoma Ikasubirishwa Mlangoni

Mahubiri mabaya husamehewa kabla ya chakula cha mchana. Chombo kipya kilichoingizwa kanisani bila wazee kuulizwa hujadiliwa mpaka Jumapili inayofuata, na pengine mpaka mkutano mkuu. Mzee mmoja atasema gitaa ni la baa. Kijana atasema tenzi za zamani zinalaza watu. Mwalimu wa kwaya atanyamaza, kwa sababu anawahitaji wote wawili. Ugomvi huu umekuwapo tangu zamani sana, na ukiufuatilia unakotoka utaona kwamba karibu kila kinachoitwa leo muziki mtakatifu kiliwahi kuzuiwa mlangoni.

Yesu aliimba, na Injili zinataja mara moja tu

Mathayo na Marko wanaeleza kwamba baada ya karamu ya mwisho Yesu na wanafunzi wake waliimba, ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Wimbo wenyewe hawakuutaja. Ila Wayahudi usiku wa Pasaka huimba Zaburi ya 113 hadi ya 118, na wataalamu wengi huona kwamba ndizo zilizoimbwa usiku ule.

Shahidi wa kwanza kutoka nje alikuwa mtesi

Mnamo mwaka 112, Pliny Mdogo, liwali wa Kirumi wa Bithinia na Ponto katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kumwomba ushauri: hawa Wakristo niwafanyeje? Alikuwa ameshawaua baadhi yao. Ili kupata habari zaidi aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa. Katika barua yake anaripoti alichoambiwa kuhusu ibada yenyewe: wanakutana siku maalumu kabla ya jua kuchomoza na kumwimbia Kristo, kama anavyoimbiwa mungu, kwa kupokezana. Basi kupokezana, kitu ambacho kwaya za kwetu hudhani ni chao peke yao, kumo katika maelezo ya kale kabisa ya ibada ya Kikristo yaliyoandikwa na mtu asiye Mkristo.

Wimbo wa kale wenye nota uliandikwa nyuma ya hesabu za nafaka

Katika magofu ya Oxyrhynchus, Misri, wachimbaji waliokota maelfu ya vipande vya mafunjo kwenye majalala ya mji huo. Kipande kimoja, kilichochapishwa mwaka 1922, kina hesabu za nafaka upande mmoja. Upande wa pili kuna utenzi wa Kigiriki wa kumsifu Mungu, na juu ya maneno kuna alama za sauti. Uliandikwa mwishoni mwa karne ya tatu, na hakuna wimbo wa Kikristo wenye nota ulio mkongwe kuliko huo. Karatasi ilikuwa ghali. Mtu akageuza upande uliobaki mtupu. Walimu wa kwaya wanaoandika nota nyuma ya karatasi za mtihani wanamwelewa mtu huyo vizuri sana.

Tenzi za Milano zina mizani ya pwani

Mwaka 386 Justina, mama wa kaisari kijana Valentinian II, alitaka kanisa moja la mji wa Milano likabidhiwe kwa Waario, kundi la Wakristo lenye mafundisho tofauti. Askofu Ambrosi alikataa. Waumini wakajifungia kanisani pamoja naye, askari wakiwa nje. Ndani ya umati huo alikuwamo Monika, mwanamke wa Afrika Kaskazini, na mwanawe Augustino ndiye aliyetuachia habari hizi. Anasema Ambrosi aliwafundisha watu kuimba zaburi na tenzi kama walivyofanya Wakristo wa mashariki, wasije wakachoka na kukata tamaa.

Tenzi za Ambrosi zina beti nane, kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una silabi nane. Mshairi wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: vipande vinne, mizani nane nane, ndio ubeti wa utenzi. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni kwamba kipimo hicho ni kifupi, kinashikika kichwani, na mtu asiyejua kusoma hukipokea baada ya kukisikia mara mbili.

Augustino mwenyewe muziki ulimpa shida. Katika Maungamo anakiri kwamba pale sauti inapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, huona ametenda dhambi, na angetamani asimsikie kabisa mwimbaji. Na ule msemo unaopewa jina lake, kwamba anayeimba anasali mara mbili, haumo katika maandishi yake kwa maneno hayo, ingawa aliandika mambo yanayoukaribia. Kwaya zinazouchapa kwenye fulana hazina haja ya kuzivua, lakini ukweli ndio huo.

Mtungaji aliyechomwa mkuki mguuni asihisi

Anayedai ngoma kanisani ni jambo la juzi aende Ethiopia. Kanisa la Kiorthodoksi la huko linamhesabu Yared, mtu wa Aksum wa karne ya sita, kuwa mwanzilishi wa uimbaji wake wote. Mapokeo yanasema alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa darasani, akachapwa, akatoroka. Akiwa amejipumzisha chini ya mti alimwona kiwavi akipanda shina, anaanguka, anapanda tena, anaanguka. Akafika juu kwenye jaribio la saba. Yared akarudi shule. Baadaye, yanaendelea mapokeo, ndege watatu wa Edeni walimfundisha nyimbo za mbinguni. Siku moja alipokuwa akiimba mbele ya Mfalme Gebre Meskel, mfalme aliegemea mkuki wake bila kuangalia, ncha ikapita kwenye mguu wa mwimbaji. Hakuna kati yao aliyetambua mpaka wimbo ulipokwisha na damu ikaonekana. Mfalme, kwa aibu, akamwambia aombe chochote. Yared akaomba ruhusa ya kuondoka, aende akaishi milimani Semien kama mtawa.

Hadithi ya mkuki kila mtu aichukue anavyoweza. Kinachoonekana kwa macho ni ibada yenyewe. Waimbaji, wanaoitwa dabtara, husimama wakielekeana kwa safu mbili wakiwa wamevaa mashuka meupe. Kila mmoja ana bakora ndefu yenye kichwa kama herufi T. Ibada huchukua saa nyingi, hivyo bakora ni ya kuegemea. Wimbo ukichanganya, huinuliwa na kushushwa kwa pamoja ili kushika mwendo. Mkono mwingine una tsenatsil, kijichombo cha chuma chenye visahani vinavyogonganagongana, ndugu wa kile kilichotumika katika mahekalu ya Misri ya kale. Katikati wako wapigaji wa kebero, ngoma kubwa inayoning'inizwa shingoni, uso mmoja mpana na mwingine mwembamba. Kanisa linaifundisha ngoma hiyo kama somo: kitambaa kinachoizunguka ni mavazi ya Kristo, na mikanda ya ngozi iliyoifunga ni alama za mijeledi mwilini mwake. Mwendo huanza polepole mno, mgeni hudhani wamechoka. Kisha safu zinaanza kuyumba, ngoma inaongeza kasi, na mwishoni makofi na vigelegele vinajaa kanisa zima.

Nyimbo zote za mapokeo hayo zinaimbwa kwa namna tatu: ge'ez, ezel na araray. Mwanafunzi huzisoma kwa miaka mingi kabla ya kuitwa mwalimu.

Ogani ilikuwa chombo cha mapigano

Ogani, malkia wa vyombo vya kanisa, ilibuniwa na fundi wa Aleksandria aitwaye Ktesibios katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Ilisukumiwa hewa kwa shinikizo la maji. Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo Warumi waliipenda viwanjani. Huko Zliten, Libya, iligunduliwa sakafu ya vijiwe vya rangi inayoonyesha wapiganaji wakichinjana na wanyama wakirarua watu, na kando yao amekaa mpiga ogani pamoja na wapiga tarumbeta. Kwa Mkristo wa karne za mwanzo, ambaye huenda ndugu yake alifia uwanjani, mlio huo haukuwa na utakatifu wowote.

Mwaka 757 Kaisari Constantine V wa Bizanti alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, ogani kama zawadi ya kidiplomasia. Karne zilizofuata chombo hicho kikajipenyeza makanisani Ulaya magharibi, pole pole, mpaka watu wakasahau kilikotoka. Kichekesho ni kwamba Wabizanti walioitoa zawadi hawakuiingiza katika ibada yao, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi hadi leo huimba bila chombo chochote.

d, r, m: karatasi ya kwaya ina historia ya miaka elfu

Chukua karatasi ya mazoezi ya kwaya yoyote ya Mwanza, Nairobi au Bukavu, mara nyingi ni fotokopi ya fotokopi. Juu kushoto pameandikwa "Do ni G" au kitu kama hicho. Chini yake kuna safu nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna mistari mitano wala vichwa vyeusi vya nota. Kuna herufi tu, d, r, m, f, s, l, t, zimetengwa kwa nukta mbili kuonyesha mapigo, na vistari pale sauti inapovutwa. Kialama kidogo juu ya herufi kinakupandisha oktava. Kikiwa chini kinakushusha. Mtu wa besi ambaye hajawahi kugusa kinanda anaisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, anaipata sauti yake, na anamcheka jirani aliyekosea.

Mwanzo wake ni mtawa Mwitalia, Guido wa Arezzo, katika karne ya 11. Wakati ule mwimbaji wa kanisa alitumia miaka kumi kukariri nyimbo kwa kusikiliza. Guido aliuchukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji ambao kila mstari wake, katika ile sita ya kwanza, unaanza sauti moja juu ya ule uliotangulia, akachomoa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Alidai kwamba kwa njia yake mwimbaji huiva kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi. Watawa wenzake wa Pomposa walimwonea wivu, akahama. Papa John XIX alimwita Roma amwonyeshe mbinu hiyo.

Hatua ya pili ni kazi ya mwanamke ambaye jina lake halitajwi sana kwenye semina za kwaya: Sarah Glover wa Norwich, Uingereza. Yeye ndiye aliyebuni, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mfumo wa herufi kwa ajili ya watoto wa shule na waumini wa kawaida. Mchungaji John Curwen, aliyetumwa na walimu wa shule za Jumapili mwaka 1841 kutafuta njia rahisi ya kufundisha uimbaji, aliuchukua, akaurekebisha na kuusambaza kote. Ile "si" ya Wafaransa na Waitalia ikawa "ti", kwa sababu "so" na "si" zote zikifupishwa zinabaki "s", na hapo kwaya ingegawanyika.

Wamisionari waliupenda mfumo huu kwa sababu ya kawaida kabisa: ulichapika kwa herufi za mashine yoyote ya uchapaji. Nota za mistari zilihitaji mitambo maalumu na gharama. Uingereza yenyewe imeshauweka kando kwa kiasi kikubwa. Huku kwetu bado unatunga, unafundisha na unashindanisha.

Mpiga vyombo aliyezima vyombo

Martin Luther alitaka watu waimbe. Mwaka 1524 kilitoka kijitabu cha nyimbo nane tu, nne zikiwa zake. Huko Zurich mambo yalikwenda kinyume. Ulrich Zwingli, mwanamuziki hodari aliyejua vyombo vingi kuliko viongozi wenzake wa Matengenezo, aliona Maandiko hayaamuru muziki katika ibada. Ukaondolewa. Ogani ya kanisa kuu la Grossmünster ilivunjwa mwaka 1527, na kuimba kulirudi katika ibada za Zurich mwaka 1598 tu. Calvin wa Geneva alishika njia ya kati: zaburi ziimbwe, kwa sauti moja, bila chombo. Kitabu chake cha zaburi zote 150 kilikamilika mwaka 1562.

Makanisa yanayoimba bila chombo kwa sababu za imani yapo hadi leo, Afrika Mashariki ikiwemo. Ukiwasikia wakiimba sauti nne safi, hoja ya Zwingli inapungua ukali, japo mimi bado siikubali.

Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia na waraka wa 1903

Sijui kama kuna jina la kwaya linalorudiwa katika parokia za Kikatoliki kuliko Mtakatifu Sesilia. Ni msimamizi wa wanamuziki, sikukuu yake Novemba 22. Alipataje cheo hicho? Simulizi la kale la kifodini chake linasema kwamba siku ya harusi yake, vyombo vilipokuwa vikipigwa, yeye alimwimbia Mungu moyoni. Kwa maneno mengine, alikuwa akijaribu kutoisikiliza bendi ya harusi.

Tarehe hiyohiyo, Novemba 22, 1903, Papa Pius X alitoa waraka kuhusu muziki wa kanisa. Ulisifu nyimbo za Kigregori, ukakataza piano kanisani, pamoja na ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Tena ukasema wanawake hawawezi kuwa katika kwaya ya liturujia, kwa kuwa ile ni huduma. Sauti za juu ziimbwe na wavulana. Sikukuu ya msimamizi mwanamke, na wanawake wakatolewa kwaya. Hivi leo ukiwatoa wanawake kwenye kwaya ya Mtakatifu Sesilia ya parokia yoyote, watakaobaki hawajazi benchi moja.

Waraka huo ulifunga pia ukurasa mwingine. Kwa karne kadhaa kwaya ya Papa ilitumia wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Wa mwisho wao, Alessandro Moreschi, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904 akiwa Vatikani. Rekodi zinakwaruza na yeye mwenyewe anasikika kama mtu aliyepitwa na enzi yake, lakini ndizo pekee za mwimbaji wa aina hiyo peke yake zilizobaki duniani.

Walioziandika nyimbo unazozijua

John Newton, aliyeandika "Amazing Grace" kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773 huko Olney, Uingereza, alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Watu husimulia kwamba aliokoka baharini katika dhoruba ya mwaka 1748 akaacha biashara hiyo mara moja. Sivyo. Aliendelea kusafirisha watumwa hadi mwaka 1754, na aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Miaka mingi ilipita kabla hajasimama hadharani kuipinga. Na sauti tunayouimbia si yake. Iliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835.

"Yesu Kwetu ni Rafiki" ulianza kama shairi la kumfariji mama. Joseph Scriven, Mwairishi, mchumba wake alizama majini siku moja kabla ya harusi yao. Akahamia Kanada. Mwaka 1855 alisikia mama yake ni mgonjwa Ireland, akamtumia shairi. Wimbo unaoimbwa misibani kuanzia Kigoma hadi Mombasa, basi, haukuandikwa kwa ajili ya kanisa.

Thomas Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluzi, wa vilabuni, akijulikana kama Georgia Tom. Alipoleta mapigo yale katika nyimbo za injili, makanisa ya Chicago yalimfungia milango. Mwaka 1932, akiwa safarini kwenye mkutano wa injili, aliletewa habari kwamba mkewe Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa. Kutoka hapo akatunga "Precious Lord". Jioni ya Aprili 4, 1968, huko Memphis, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo usiku huo, na dakika chache baadaye akapigwa risasi. Mahalia Jackson aliuimba mazishini. Hakuna tena aliyeuliza kama bluzi inafaa kanisani.

Ngoma inaingia

Katika misheni nyingi za Afrika ngoma ilihesabiwa kuwa ya mashetani, na aliyebatizwa alitakiwa aiache. Huko Ghana mwalimu na mtungaji Ephraim Amu alifukuzwa chuo cha Kipresbiteri cha Akropong mwaka 1933, makosa yake yakiwa ni pamoja na kuhubiri akiwa amevaa nguo ya kwao badala ya suti. Leo anaheshimiwa kama baba wa muziki wa kisasa wa Ghana.

Kamina, Katanga, nchini Kongo, ilichukua mkondo wake. Padre Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, aliunda kwaya ya wavulana na walimu wao, na mwaka 1958 wakarekodi "Missa Luba". Maneno ni Kilatini cha misa, neno kwa neno. Muziki ni wa kwao: Kyrie, kwa mfano, iko katika mtindo wa kasala, ombolezo la Waluba. Sehemu kubwa hawakuiandika kwenye nota. Waliibua pamoja wakiimba. Mwaka huohuo walizunguka Ulaya. Kipande cha Sanctus baadaye kilisikika katika filamu ya Kiingereza "If...." ya mwaka 1968, na vijana wasiojua Kamina iko wapi wakanunua sahani yake.

Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika aliandika kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, kikatoka 1963. Mwaka huohuo, Desemba 4, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji.

Lakini Bujora, karibu na Mwanza, walikuwa wameshaanza. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga huko katika miaka ya 1950 kanisa lenye sura ya Kisukuma, ambalo sasa lina makumbusho kando yake, na akaacha ngoma za Wasukuma ziingie katika ibada. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ndipo hufanyika sherehe ya Bulabo. Baada ya misa na maandamano, uwanja unageuka. Wasukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, waliotokana na mabingwa wawili, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hucheza kwa wakati mmoja, viwanja vikikaribiana, na watazamaji ndio waamuzi: upande wenye umati mkubwa umeshinda. Hapo utaona nyoka, vichekesho, sarakasi na majembe yakirushwa hewani, chochote kitakachowatoa watu upande wa pili. Kuna watu wanaoona haya kwamba sikukuu ya Ekaristi inaishia kwenye mashindano ya namna hiyo. Mimi naona haya zaidi kwa ajili ya parokia ambazo siku hiyo huisha kwa kila mtu kurudi nyumbani kulala.

Wimbo wa mwalimu ukawa wa mataifa

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake "Nkosi Sikelel' iAfrika", ombi kwa Mungu aibariki Afrika. Uliimbwa hadharani mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji. Sontonga alifariki 1905, hajafikisha miaka arobaini, kabla wimbo haujamtoa nje ya mitaa yake. Mwaka 1912 ulifunga mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1961 Tanganyika huru ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili, "Mungu Ibariki Afrika". Zambia ikachukua sauti yake na kuiwekea maneno mengine. Afrika Kusini ikauunganisha katika wimbo wake wa taifa mwaka 1997. Wanafunzi wanaosimama mstarini asubuhi Tanzania, Wakristo kwa Waislamu, wanaimba wimbo wa kwaya ya shule.

Nyimbo za kwetu zilizovuka bahari

Chuo cha Kilutheri cha Makumira, Arusha, kilikuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahimiza wanafunzi wake watunge kwa sauti za makwao badala ya kutafsiri za Ulaya. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kihaya. Ukaingia katika mkusanyiko wa "Tumshangilie Mungu" wa mwaka 1968. Mwaka uliofuata ukapata maneno ya Kijerumani. Fungua leo kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116, uko pale, na nchi ya asili imetajwa: Tanzania. Wajerumani waliotuletea matarumbeta ya kanisani wanashangilia ufufuko kwa sauti ya Bukoba.

Na kama hukujua: mwaka 2005, waliofungua mchezo wa kompyuta wa "Civilization IV" walipokewa na kwaya ikiimba "Baba Yetu". Mtungaji ni Mmarekani, Christopher Tin, na walioimba mara ya kwanza ni kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford. Rekodi ya baadaye ilishirikisha Soweto Gospel Choir, na mwaka 2011 wimbo huo ukapata Grammy, ya kwanza kutolewa kwa muziki uliotungiwa mchezo wa kompyuta. Maneno ni ya Sala ya Bwana, yamekatwa na kurudiwarudiwa kufuata mdundo. Kwaya ya hapa kwetu ikiletewa karatasi yake haina cha kukariri; ni kushika sauti tu, na kumkumbusha mtu wa besi asikimbie.